André-Marie Ampère: Mwanasayansi wa Umeme na Rozari Yake



Ndugu wasomaji, kwenye plagi ya pasi au ya birika la umeme huandikwa tarakimu zikifuatwa na herufi A: 3A, 5A, 13A. Wanafunzi wa sekondari wanafahamu kwamba herufi hiyo husimama badala ya ampea, kipimo cha mkondo wa umeme, na wamekwisha kukutana nayo mara nyingi katika hesabu za volti na ukinzani. Lakini kabla ya kuwa kipimo, neno hilo lilikuwa jina la ukoo wa watu wa Lyon, nchini Ufaransa. Aliyelifanya lijulikane duniani kote alikuwa Mkatoliki aliyempoteza baba yake katika ghasia za Mapinduzi, akampoteza mke baada ya miaka minne tu ya ndoa, akapoteza kwa muda hata utulivu wa imani yake, kisha akairudia. Huyo ndiye André-Marie Ampère.

Vijana wetu wanaporudi likizo na madaftari yao ya fizikia, huuliza swali ambalo wazazi na makatekista mara nyingi hawana jibu lake la haraka: je, mtu anayeujua ulimwengu kwa vipimo na hesabu anaweza bado kusali kwa moyo wote? Maisha ya Ampère hayalijibu swali hilo kwa urahisi, na ndiyo sababu tumeyachagua.

Alizaliwa Lyon tarehe 20 Januari 1775. Baba yake, Jean-Jacques, alikuwa mfanyabiashara wa hariri mwenye uwezo wa kadiri. Mama yake, Jeanne-Antoinette, alikuwa mwanamke mcha Mungu aliyewalea watoto wake katika sala na mafundisho ya Kanisa. Familia ilikuwa na nyumba ya shamba katika kijiji cha Poleymieux, si mbali na mji, na huko ndiko mtoto alikokulia. Hakupelekwa shule. Baba aliyapenda mawazo ya Rousseau juu ya malezi, akaona afadhali mtoto aachiwe maktaba ya nyumbani ajisomee kwa hamu yake mwenyewe. Hatuwashauri wazazi wa leo wajaribu njia hiyo, maana si kila mtoto ni Ampère. Yeye alizimaliza juzuu za ensaiklopidia kubwa ya Wafaransa tangu herufi ya kwanza, na alipotaka kusoma vitabu vya hisabati vya Euler na Bernoulli akaambiwa vimeandikwa kwa Kilatini, alirudi nyumbani akajifunza Kilatini hicho mpaka akavisoma.

Baadaye, akiwa mtu mzima, alipoyatazama maisha yake alitaja mambo matatu yaliyomwathiri kuliko yote utotoni na ujanani: Komunyo yake ya Kwanza, kitabu cha kumsifu mwanafalsafa Descartes, na kuangushwa kwa gereza la Bastille mwaka 1789. Sakramenti, fikra na siasa ya nchi yake viliwekwa pamoja katika kumbukumbu moja, naye hakuona haja ya kuvitenganisha.

Mapinduzi hayo hayo ndiyo yaliyoivunja nyumba yao. Mwaka 1792 alifariki dada yake mkubwa, Antoinette. Baba yake alikuwa ameupokea wadhifa wa hakimu wa amani mjini Lyon, na kwa wadhifa huo alishughulikia shauri la kiongozi mmoja wa wanamapinduzi wakali, ambaye hatimaye aliuawa na wapinzani wake. Mji wa Lyon uliiasi serikali ya Paris, ukazingirwa na jeshi, ukaanguka Oktoba 1793. Kisasi kilifuata. Mwezi Novemba mwaka huo huo Jean-Jacques Ampère aliuawa kwa gilotini. Kutoka gerezani alimwandikia mke wake barua ya kuagana, na juu ya mwanawe alisema kwamba hakuna jambo kubwa asilolitarajia kwake.

Kijana huyo mwenye umri wa miaka 18 hakuweza kulipokea jambo hilo. Kwa zaidi ya mwaka mmoja aliziacha hesabu, akawa kama mtu aliyezimika, akishinda nje bila kusema na mtu. Kilichomwamsha kidogo kidogo ni kitabu juu ya elimu ya mimea kilichomfikia mikononi, kikamfanya ainame kuyatazama maua ya porini, na mashairi ya Kilatini aliyoyasoma akitembea mashambani. Tunaosindikiza wafiwa katika jumuiya zetu ndogondogo tunaifahamu hali hiyo, na tunajua kwamba anayerudi kutoka huko huanza kwa jambo dogo sana.

Mwaka 1796 alikutana na Julie Carron, binti wa familia jirani yenye imani thabiti. Alikuwa mchumba asiye na fedha wala kazi, tena mwenye mavazi yasiyokaa vizuri mwilini, hata familia ya msichana ikawa na wasiwasi naye. Walifunga ndoa mwezi Agosti 1799, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume, wakampa jina la babu aliyeuawa. Lakini tangu kujifungua, Julie hakupata afya tena. Mwaka 1802 Ampère alilazimika kwenda mji wa Bourg kufundisha fizikia na kemia, akimwacha mke mgonjwa na mtoto mchanga Lyon. Barua zao za wakati huo zinasikitisha: yeye anasimulia nguo zake zilizounguzwa na tindikali za maabara, mkewe anahesabu sarafu za kumlipa daktari.

Huko Bourg aliandika kijitabu chake cha kwanza kilichowafikia wakubwa wa Paris. Kilihusu hesabu za kamari. Alionyesha kwa hisabati kwamba mtu wa mali yenye kikomo anayeendelea kucheza na mpinzani mwenye fedha zisizokwisha, hata mchezo ukiwa wa haki kabisa, mwisho wake ni kufilisika. Kwa kuwa tunawaona vijana wengi wakipeleka mishahara yao kwenye kubeti, tunaona kijitabu hicho hakijazeeka, ingawa kina zaidi ya miaka 200.

Kwa sifa ya kazi hiyo alipata nafasi ya kufundisha Lyon, karibu na mkewe, katika mwaka 1803. Alichelewa. Julie alifariki tarehe 13 Julai mwaka huo. Siku hiyo Ampère aliandika katika daftari lake sala fupi, akimwomba Mungu wa huruma amjalie kuunganishwa tena mbinguni na wale aliomruhusu kuwapenda hapa duniani.

Hakuweza kuendelea kuishi Lyon. Mwishoni mwa mwaka 1804 alihamia Paris kufundisha hisabati katika École polytechnique. Akaoa tena mwaka 1806, ndoa iliyoharibika upesi kwa uchungu mwingi. Kutoka humo alibaki na binti, Albine, aliyemlea pamoja na kijana wa Julie. Vyeo vilikuja kimoja baada ya kingine: mkaguzi mkuu wa elimu mwaka 1808, mwanachama wa Akademia ya Sayansi mwaka 1814. Imani ndiyo iliyoyumba. Katika mji uliojaa wanafalsafa na wataalamu waliodhani dini imepitwa na wakati, mashaka yalimwingia, yakamkalia kwa miaka. Marafiki wa Lyon walimwandikia na kumwombea. Barua zake kwao zinaonyesha mtu anayetamani kuamini na asiyeweza, anayeuonea wivu utulivu wa zamani. Hakupata hoja moja iliyomaliza yote. Alirudi polepole kwenye sala, kwenye Maandiko, kwenye sakramenti, na kufikia wakati kazi yake kubwa ilipoanza alikuwa tena mwamini, mwenye majeraha.

Kazi hiyo kubwa ilianza kwa habari kutoka Denmark. Mwaka 1820 Profesa Hans Christian Ørsted wa Copenhagen aliona kwamba waya uliounganishwa na betri, ukipitishwa karibu na dira, huigeuza sindano ya dira. Mwanafunzi yeyote anaweza kuliona jambo hilo leo kwa betri ya tochi, kipande cha waya na dira ndogo, mradi asiuache waya umeunganishwa kwa muda mrefu, maana hupata moto. Waya ukiwa haujakamilisha njia kutoka upande mmoja wa betri hadi upande wa pili, sindano hutulia ikielekea kaskazini. Ukikamilisha, sindano hucheza. Kwa wataalamu wa Ufaransa habari hiyo ilikuwa ya ajabu, kwa sababu walikuwa wamefundishwa kwamba umeme na sumaku ni vitu viwili visivyohusiana.

Tarehe 4 Septemba 1820 rafiki yake François Arago aliieleza Akademia habari hiyo, na tarehe 11 akawaonyesha kwa macho. Ampère alikuwepo. Wiki moja baadaye, tarehe 18, alisimama mbele ya wenzake na matokeo yake mwenyewe, na tarehe 25 akaleta mengine. Alikuwa na umri wa miaka 45, umri ambao wanahisabati wengi huwa wamekwisha kufanya makubwa yao. Vyombo alivitengeneza nyumbani kwake katika mtaa wa Fossés-Saint-Victor, kwa kiasi kikubwa kwa fedha zake mwenyewe.

Jambo la kwanza alilolifanya ni kutenganisha mawazo mawili yaliyokuwa yamechanganyika. Katika betri ambayo waya zake hazijaunganishwa kuna msukumo, lakini hakuna kinachotiririka. Ndio msukumo ambao leo tunaupima kwa volti. Sakiti ikifungwa, mkondo unapita, na huo ndio unaoigeuza sindano. Tena mkondo huo haupiti katika waya peke yake. Ampère alikisogeza chombo chake karibu na betri yenyewe, akaona sindano inageuka pale pia: umeme ulikuwa unazunguka njia nzima, ndani ya betri na nje yake, pasipo mwanzo wala mwisho. Chombo cha kupimia mkondo kwa mgeuko wa sindano alikiita galvanometa, na jina hilo limebaki.

Kwa ajili ya kukumbuka upande ambao sindano itageukia alibuni picha ya kuchekesha kidogo. Tumwazie mtu mdogo amelala juu ya waya, mkondo ukimwingia miguuni na kumtokea kichwani, naye akiitazama sindano. Ncha ya kaskazini itakwenda upande wa mkono wake wa kushoto. Wanafunzi wanaotumia kanuni za mikono katika mitihani yao wamerithi mtu huyo mdogo, ingawa vitabu vingi havimtaji tena.

Kisha likaja wazo ambalo Ørsted hakuwa nalo. Ikiwa waya wenye mkondo hutenda kama sumaku, Ampère alijiuliza, itakuwaje waya mbili zikiwekwa jirani bila sumaku yoyote? Alizitundika sambamba, mmoja ukiwa huru kusogea. Mikondo ilipokwenda upande mmoja, waya zilivutana. Alipoubadili mmoja uende kinyume, zilisukumana. Hapakuwa na chuma cha sumaku mahali pale, ila waya na umeme tu.

Mmoja wa wasikilizaji wake alisema hapo hapana jipya: kama kila waya humvuta sindano wa dira, ni lazima waya mbili zivutane zenyewe. Arago, kama alivyosimulia baadaye, alitoa mfukoni funguo mbili za chuma. Kila ufunguo huivuta sindano ya dira, lakini funguo mbili zikiwekwa pamoja hazivutani hata kidogo. Hoja ikaisha pale.

Ampère alikwenda mbele zaidi. Alizungusha waya kama chemchemi ya kitanda, akapitisha mkondo, na waya huo ukawa na ncha ya kaskazini na ya kusini kama sumaku. Aliuita solenoidi. Yeye na Arago waliweka sindano za chuma cha pua ndani ya koili kama hiyo, zikatoka zimekuwa sumaku. Mwanafunzi anayezungusha waya kwenye msumari na kuokota pini anafuata nyayo zao. Hapo ndipo alipothubutu kusema kwamba sumaku yenyewe si kitu cha pekee: ndani yake, katika chembe zake ndogo sana, kuna mikondo midogo ya umeme isiyokoma kuzunguka. Elektroni ilikuwa haijajulikana, na wengi walilikataa wazo hilo. Fizikia ya karne ya 20, kwa njia tofauti na alivyofikiri yeye, ilionyesha kwamba alikuwa ameelekea panapostahili.

Miaka iliyofuata aliitumia kupima nguvu hizo na kuzitafutia kanuni ya hisabati, na kazi yote akaikusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1826. James Clerk Maxwell, mwanafizikia mkuu wa Uingereza aliyekuja baadaye, alimlinganisha na Newton. Nasi tunaongeza kwamba mota ya mashine ya kusaga na ya feni ya kanisani huzunguka kwa sababu ya nguvu ile ile aliyoiona kati ya waya zake.

Nyumbani hapakuwa na amani kama ya maabara. Fedha zilikuwa chache, afya yake mbovu, na ndoa ya binti yake Albine ikawa msalaba kwa baba, maana mume alikuwa mlevi. Watu wa Paris walimcheka profesa aliyesahau kila kitu. Husimuliwa kwamba alianza kuandika hesabu nyuma ya gari la farasi akidhani ni ubao, nalo likaondoka na hesabu zake.

Katika nyumba hiyo, mwishoni mwa mwaka 1831, alibisha hodi kijana wa miaka 18 kutoka Lyon aliyekuja Paris kusoma sheria. Jina lake lilikuwa Frédéric Ozanam. Alikuja kumsalimia mtu mashuhuri wa kwao tu, lakini Ampère alipomuuliza anaishi wapi, na kusikia kwamba hakupapenda alipopanga, alimfungulia chumba cha mwanawe aliyekuwa safarini, akamkaribisha akae hapo. Ozanam alikuwa mwenyewe amepita katika mashaka makali ya imani kabla ya kufika Paris, na sasa chuoni aliwasikia walimu wakilidharau Kanisa waziwazi.

Inasimuliwa kwamba siku moja, moyo ukiwa mzito, Ozanam aliingia katika kanisa la Saint-Étienne-du-Mont, si mbali na nyumba hiyo. Kwenye kona aliona mzee amepiga magoti akisali Rozari. Alipotazama vizuri akamtambua Ampère. Alitoka bila kumsemesha. Baadaye katika maisha yake alikiri kwamba Rozari ile ya Ampère ilimfaa kuliko mahubiri mengi. Nyumbani walizungumza jioni juu ya sayansi na historia, na mara kwa mara mzee alikatisha mazungumzo, akashika kichwa kwa mikono miwili na kushangaa ukuu wa Mungu.

Tarehe 23 Aprili 1833 Ozanam na wenzake wachache walikutana kuanzisha kikundi cha kuwatembelea maskini majumbani mwao. Kutoka kikundi hicho kilizaliwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho waamini wengi wa Afrika Mashariki wanakijua katika parokia zao, na Ozanam mwenyewe alitangazwa Mwenyeheri na Mtakatifu Yohane Paulo II mjini Paris tarehe 22 Agosti 1997. Ampère hakukianzisha chama hicho. Alimpa mwanzilishi wake chumba na, bila kujua, mfano.

Alifariki kazini. Katika ziara ya ukaguzi wa shule aliugua mapafu mjini Marseille, na huko akaaga dunia tarehe 10 Juni 1836, akiwa na umri wa miaka 61. Mmoja wa waliomuuguza alitaka kumsomea kurasa kadhaa za kitabu cha Kumfuasa Kristo. Mgonjwa akamjibu kwamba hakuna haja, kwa kuwa alikuwa anakijua chote kwa moyo.

Mwaka 1881 wataalamu wa umeme kutoka nchi nyingi walikutana Paris wakaamua kukiita kipimo cha mkondo ampea. Tangu mwaka 1948 hadi 2019 kipimo hicho kilifafanuliwa kwa nguvu iliyopo kati ya waya mbili sambamba zilizo mbali mita moja, yaani kwa jaribio lile lile la Septemba 1820.

Mabaki yake yalikaa Marseille kwa miaka mingi. Mwaka 1869 yalihamishiwa Paris, katika makaburi ya Montmartre, yakalazwa pamoja na ya Jean-Jacques, mtoto wa Julie.